Chuo Kikuu cha El Paso na Wanariadha Wake
(Maneno ya hotuba kwa wazazi na vijana)



Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba kijana mwenye mbio aweza kupata masomo ya juu Marekani bila ya baba yake kuuza ng'ombe. Nimeombwa kulieleza jambo hilo, nami naona ni afadhali nizungumze juu ya chuo kimoja tu, ambacho historia yake ina mengi ya kutufaa.

Chuo hicho ni cha serikali ya jimbo la Texas, katika mji wa El Paso, mpakani na Mexico. Kilifunguliwa mwaka 1914 kiwe shule ya uchimbaji wa madini, nacho kilikuwa na wanafunzi 27. Mwaka 1916 jengo lake kubwa liliteketea kwa moto. Mke wa mkuu wa shule, Bibi Kathleen Worrell, alikuwa ameona gazetini picha za nchi ya Bhutan, iliyo katika milima ya Himalaya, akashauri majengo mapya yafuate namna ya huko, yenye kuta nene na mapaa yaliyotokeza nje. Shauri lake likakubaliwa, na hata leo mgeni afikapo hustaajabu.

Katika miaka ile Waamerika Weusi hawakuruhusiwa kusoma humo. Msichana mmoja wa El Paso, Thelma White, aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake, alikataliwa kwa sababu ya rangi yake, akapeleka shauri mahakamani. Mwaka 1955 jaji akaamuru mlango ufunguliwe. Wanafunzi weusi wakaingia mwaka huo huo, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza masomo katika jimbo jirani la New Mexico, akabaki huko. Mara nyingi afunguaye njia siye apitaye.

Sasa nije kwenye michezo. Mwaka 1966 chuo kiliitwa Texas Western, na mwalimu wake wa mpira wa kikapu alikuwa Bwana Don Haskins. Tarehe 19 Machi mwaka huo, timu yake ilikutana na Kentucky katika fainali ya vyuo vyote vya Marekani. Kentucky haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Bwana Haskins aliwaanzisha watano, wote weusi, jambo ambalo halijapata kuonekana katika fainali hiyo, na wote saba waliocheza usiku ule walikuwa weusi. Bobby Joe Hill, aliyekuwa mfupi kwa mchezo ule, aliwanyang'anya wapinzani mpira mara mbili upesi upesi, nao wakatahayari. Texas Western ikashinda kwa 72 kwa 65.

Yafaa hapa tuseme kweli yote. Kushangiliwa uwanjani si sawa na kuheshimiwa nje ya uwanja. Mwaka 1968 wanariadha kadhaa weusi wa chuo hiki walikataa kushindana na chuo cha Brigham Young, kwa kuwa kanisa lenye chuo hicho halikuwapa watu weusi daraja ya ukuhani. Wakanyimwa msaada wao wa karo. Mmojawapo alikuwa Bob Beamon. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo huo, huko Mexico City, aliruka mita 8.90, akaipita rekodi ya dunia kwa sentimita 55. Wala hapana aliyemshinda hata mwaka 1991.

Kwa hiyo mzazi apewapo barua ya chuo cha ng'ambo na aulize: mtoto akiumia mguu, karo italipwa na nani? Akikataa jambo kwa dhamiri yake, je, atafukuzwa? Na atasomea kazi gani? Maswali haya si ya utovu wa adabu. Mwenye kumtaka mtoto wako kwa haki atayajibu, tena kwa maandishi.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, chuo hiki kimekuwa kama kambi ya pili. Suleiman Nyambui wa Tanzania alishinda huko mbio za mita 10,000 za vyuo kwa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya masomo hayo akaenda Moscow mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000. Mkenya Michael Musyoki, aliyesoma hapo hapo, alipata medali ya shaba ya mita 10,000 huko Los Angeles mwaka 1984.

Baadaye Paul Ereng, bingwa wa mita 800 huko Seoul mwaka 1988, akawa mwalimu wa mbio El Paso. Miongoni mwa vijana aliowafundisha ni Emmanuel Korir, aliyeshinda mita 800 za vyuo mwaka 2017. Tarehe 4 Agosti 2021, huko Tokyo, Korir akapata dhahabu ya Olimpiki katika mbio zile zile za mwalimu wake, kwa dakika 1 na sekunde 45.06, na aliyemfuata alikuwa Mkenya mwenziwe, Ferguson Rotich.