NCHI JIRANI: Askari wa Burundi Katika Vita vya Somalia

Mwezi Desemba 2007 kikosi cha kwanza cha askari wa Burundi kilitua katika uwanja wa ndege wa Mogadishu. Umoja wa Afrika ulikuwa umekwisha kuamua, tangu Januari ya mwaka huo, kwamba askari wapatao 8,000 wapelekwe Somalia, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa idhini yake mwezi Februari. Nigeria, Ghana na Malawi ziliahidi kuchangia. Lakini ahadi ni jambo moja na kupanda ndege ni jambo jingine. Uganda ilikaa Mogadishu peke yake kwa muda wa miezi tisa, na aliyekuja kuishika mkono hakuwa taifa kubwa lenye utajiri wa mafuta, bali nchi ndogo ya milima, isiyopakana na Somalia wala na bahari, ambayo nyumbani kwake bado lilikuwapo kundi la waasi lisiloweka silaha chini.

Kwa nini Burundi ilikwenda? Yafaa ikumbukwe kwamba miaka minne tu kabla ya hapo Burundi yenyewe ilikuwa ikilindwa na wageni. Mwaka 2003 askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji walikwenda huko kwa niaba ya Umoja wa Afrika, wakifuatia mapatano yaliyotiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000, kazi iliyoanzwa na Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Mzee Mandela. Katika mapatano hayo na yale yaliyofuata, jeshi liliundwa upya. Kabila moja halikuruhusiwa kushika zaidi ya nusu ya nafasi, na waliokuwa waasi wakavaa sare moja na wale waliokuwa wakiwawinda msituni. Jeshi la namna hiyo lina hatari zake. Askari aliyepata kupigana na jirani yake wa kitanda hawezi kumwamini kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini mjini. Katika mahandaki ya Mogadishu, hata hivyo, adui alikuwa mmoja kwa wote, na Mhutu na Mtutsi walilindana migongo kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kurudi hai. Hilo ndilo jema kubwa lililotokana na uamuzi wa mwaka 2007, na wanaoudharau husahau kulitaja.

Lilikuwapo pia jambo la fedha, na hakuna haja ya kulionea haya. Umoja wa Ulaya ulilipa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari. Serikali zilikata dola kama 200, na zilizobaki zikawa zake. Kwa askari wa kawaida wa Burundi kiasi hicho kilikuwa kikubwa mara nyingi kupita mshahara wa kambini nyumbani. Wako waliojenga nyumba za matofali na kuwasomesha wadogo zao kwa fedha ya Somalia.

Gharama yake ilionekana mapema. Tarehe 22 Februari 2009 mabomu ya watu wa kujitoa mhanga yaliwaua askari 11 wa Burundi katika kambi yao mjini Mogadishu. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo magari mawili yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia katika makao makuu ya kikosi na kulipuka. Walinda amani 17 walikufa, 12 kati yao Warundi, na miongoni mwao alikuwamo Makamu Kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza. Kila askari aliyepata kusimama zamu langoni anaelewa somo la alama zile.

Mwezi Oktoba 2011, baada ya Al-Shabaab kuondoka katikati ya mji, Warundi walipigana vita vikali huko Deynile. Umoja wa Afrika ulisema wamekufa askari 10. Al-Shabaab walipanga maiti kwa makumi mbele ya watu na wapiga picha. Hapa ndipo serikali ya nchi ndogo inapojaribiwa. Adui anapokuwa mwepesi wa kuonyesha maiti kuliko serikali kutangaza majina, mama aliyeko kijijini humsikiliza adui. Lilitokea hivyo tena Leego mwezi Juni 2015, kambi ilipotekwa. Siri ya mpango wa vita ni halali; idadi ya waliokwisha kufa haimsaidii adui, kwa maana yeye ndiye aliyewaua.

Mwaka huo wa 2015 ulileta jaribio jingine. Mgogoro ulizuka Burundi juu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na mwezi Desemba Umoja wa Afrika ukaamua kupeleka askari 5,000 huko. Serikali ya Bujumbura ilikataa katakata, huku askari wake wakilinda amani katika nchi ya wengine. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokwisha kuivunjia serikali hiyo misaada, ukakataa mishahara ya Somalia ipite mikononi mwake. Wakubwa wakabishana, aliyekuwa nyuma ya magunia ya mchanga akakaa miezi mingi bila malipo. Burundi ilitishia kuwaondoa askari wake, na mwanzoni mwa 2017 ikakubaliwa kwamba fedha zipitie benki ya biashara. Katika ubishi wote ule hakuna aliyewauliza askari.

Mwezi Mei 2022 kambi ya Warundi huko El Baraf ilishambuliwa, na jeshi likatangaza kufiwa na askari 10. Ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika ulipoanza Januari 2025, Burundi haikuwamo, kwani haikuafikiana na serikali ya Somalia juu ya idadi ya askari. Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kuingia Kivu ya Kusini tangu 2022, kwa makubaliano ya Bujumbura na Kinshasa. Huko mashariki ya Kongo waliingia katika vita vikubwa dhidi ya M23, na habari za waliokufa zilifika vijijini mwao kwa minong'ono, kama zile za Deynile.