Fumbo la Eropleni Juu ya Mkanda

Leo hatuna habari za kilimo wala za afya. Twataka kuwapeni fumbo lililotushindanisha sisi walimu kwa siku nne, tukabishana kwa kicheko, na mwisho likatutoa jasho mbele ya wanafunzi wetu.

Fumbo lenyewe ni hili. Fikirini eropleni imesimama juu ya mkanda mpana, mrefu kama uwanja mzima, mfano wa ile mikanda ya viwandani ichukuayo mizigo. Rubani aitia nguvu injini ili aende mbele. Papo hapo mkanda nao waanza kwenda nyuma, kwa mwendo ule ule ambao eropleni yaenda mbele. Je, eropleni itaruka, au itabaki pale pale?

Msijibu upesi. Sisi tulijibu upesi, na ndiyo sababu ya kuwasimulieni habari hii.

Jioni moja, baada ya chai, tulisema kwa sauti kubwa: Haitaruka! Hoja yetu ilikuwa hii. Mtu akimbiaye juu ya kitu kirudicho nyuma hafiki popote. Eropleni isiyosogea haipati upepo wa kupita mabawani, na bawa lisilopata upepo haliinui kitu. Mwenzetu afundishaye useremala akatikisa kichwa, akasema, “Itaruka. Eropleni haisukumwi na magurudumu yake.” Tukacheka, tukamwambia arudi kwenye randa yake.

Kesho yake tukalipeleka fumbo darasani. Wanafunzi wote wakakubaliana nasi, isipokuwa kijana mmoja aketiye nyuma. Akasimama, akasema kwa adabu, “Bwana Mwalimu, nikisimama nje ya mkeka na kukivuta kigari kwa uzi, na mwenzangu akiuvuta mkeka kwenda nyuma, je, kigari hakitanijia?” Tukamjibu, “Kaa chini. Eropleni si kigari.” Darasa likacheka, naye akakaa.

Ndugu zetu, jibu lile halikuwa jibu. Lilikuwa cheo tu. Usiku ule hatukupata usingizi vizuri, maana tulijua ya kuwa tumemnyamazisha mtu ambaye hatukumshinda.

Siku ya nne yule mwalimu wa useremala akaja darasani na mkeka mrefu, na kigari cha mti alichokichonga mwenyewe, magurudumu yake yakizunguka kwa wepesi. Tukamwita yule kijana aushike uzi. Mwanafunzi wa pili akauvuta mkeka kwenda nyuma. Kigari kikaja mbele! Tukaamuru mkeka uvutwe upesi zaidi. Magurudumu yakazunguka mno, lakini kigari kikaja vile vile, na kijana akasema mkono wake hauoni uzito wa kuongezeka.

Kisha tukaweka juu ya mkeka ule kigari kingine cha bati, cha kutiwa ufunguo, ambacho springi yake huyazungusha magurudumu yenyewe. Mkeka ulipovutwa nyuma kwa mwendo wake, hicho kikabaki pale pale kama kilichofungwa. Darasa likanyamaza. Vigari viwili, mkeka mmoja, mambo mawili mbalimbali!

Tofauti yao ni nini? Baiskeli, motakaa na kile kigari cha bati huenda kwa kuisukuma ardhi kwa magurudumu. Ardhi ikikimbia nyuma, nguvu yao yapotea bure. Lakini eropleni ina rafadha, yaani lile panga lizungukalo mbele, na rafadha huisukuma hewa nyuma, nayo hewa huisukuma eropleni mbele. Hewa ndiyo uzi wake, na uzi huo haukufungwa mkandani. Magurudumu kazi yake ni kuizuia isiburure tumbo chini tu. Kama eropleni huondoka kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, na mkanda waenda nyuma maili 60, magurudumu yatazunguka kana kwamba ni maili 120. Msuguano mdogo wa mhimili utaongezeka kidogo, lakini eropleni itakwenda mbele na kuruka.

Na tukikumbuka historia, jambo hili lilikuwa wazi tangu mwanzo. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk katika Marekani, Orville Wright aliruka kwa mashine isiyokuwa na magurudumu yake yenyewe. Iliteleza juu ya reli ya mbao. Siku ile palikuwa na upepo wa zaidi ya maili 20 kwa saa, naye akauelekea. Alikwenda futi 120 kwa sekunde 12, mwendo ambao mtu aweza kuufuata kwa miguu, na ndugu yake Wilbur alikimbia kando yake. Juu ya ardhi mwendo ulikuwa mdogo, lakini juu ya bawa upepo ulikuwa mwingi, nao ndio ulioinua. Tena wazee wa Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam waliziona, tangu mwaka 1937, zile eropleni kubwa za majini zenye tumbo kama la mashua. Ziliondoka juu ya maji bila gurudumu hata moja.

Hata hivyo, msiwacheke waliokosea. Mwaka 2008 mafundi wa kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters walilijaribu fumbo hili kwa eropleni ndogo ya kweli. Walitandaza kitambaa kirefu chini yake, na gari likakivuta kwenda nyuma kwa kasi. Rubani mwenyewe alidhani hataondoka, lakini akaruka. Ikiwa mwenye kazi aweza kudanganywa na fumbo, sembuse sisi?

Tena limebaki neno moja. Mwenzetu wa hesabu aliuliza, “Je, ikiwa mkanda ni lazima uwe na mwendo sawasawa na ule wa ukingo wa magurudumu siku zote?” Hapo swali limegeuka. Gurudumu lisiloteleza, likizunguka sawasawa na mkanda, maana yake ni kwamba eropleni haijasogea. Basi muulizaji amekwisha kulitia jibu ndani ya swali lake. Ndipo tulipotambua ya kuwa nusu ya ubishi wetu ilitoka hapo: kila mmoja alikuwa akijibu swali lake mwenyewe. Kabla ya kubishana na mwenzako, kwanza patanani juu ya kinachoulizwa. Pili, ulizeni ni kitu gani kisukumacho kitu gani. Tatu, kama mna mkeka na uzi, jaribuni.

Siku ile, kabla ya kengele kulia, tulimwita yule kijana mbele ya wenzake, tukasema, “Wewe ulisema kweli, nasi tulikosa, tena tulikosa mara mbili, kwa kuwa hatukukusikiliza.” Hatukuona darasa likipungua heshima. Wiki iliyofuata mikono iliyoinuliwa kuuliza ilikuwa mingi kuliko zamani, hata ikatupasa kusoma zaidi usiku ili tuweze kuijibu. Na yule mwalimu wa useremala, kila tunywapo chai, hutuuliza kama twahitaji kigari. Twamwacha aseme, maana wahenga walinena: Asiyekubali kushindwa si mshindani.