Mashua Ndogo za Mashindano na Mwili Wake

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari za mashua ndogo zinazoongozwa kwa mawimbi ya redio: mashua za kuchezea, ambazo mwenyewe husimama pwani na rimoti mkononi, na chombo hukata maji mbali naye. Jambo hili si jipya kama vijana wengi wadhanivyo. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha watu chombo cha namna hiyo katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, nacho kilikwenda na kugeuka pasipo uzi wala mkono wa mtu. Na watoto wa pwani yetu walikuwa wakichonga vingalawa na kuvishindanisha kwa upepo tangu zamani. Kwa hiyo kijana wa Kunduchi au Msasani, au wa Mbagala huko Temeke, atakaye kuunda mashua ya redio haanzi na mikono mitupu. Mota, betri na kipokezi hana budi kuvinunua. Lakini mwili wa chombo aweza kuuunda mwenyewe, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Tuanze na uzito. Chukueni mashua yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 18, iliyochongoka omo. Pale inapokaa juu ya maji, eneo lake ni sentimita za mraba 750 hivi. Basi kila gramu 750 utakazoipakia zitaizamisha sentimita 1 zaidi. Kama ubavu wake una kimo cha sentimita 8 tu, mwaona wenyewe kwamba kilo mbili za ziada si jambo dogo.

Watu wengi hukimbilia mninga, kwa kuwa ni mbao ya heshima, na mafundi wa samani wa Keko hawakosi vipande vya kutupa. Ni mti mzuri kweli. Haupindiki upesi wala hauli wadudu kwa urahisi. Lakini tufanye hesabu. Mashua yetu, pamoja na sitaha yake, ina eneo la sentimita za mraba 2,600 hivi. Ikiundwa kwa mninga wenye unene wa milimita 6, mwili peke yake utapata gramu 900 au zaidi. Ikiundwa kwa plaiwudi ya milimita 3, hautapita sana gramu 450 kabla ya gundi na rangi. Nusu kilo nzima imeokolewa, nayo ni nafasi ya betri.

Mwembe ndio mti ambao wavuvi wetu huuchonga kuwa ngalawa, kwa sababu magogo yake ni manene na tezo huupenda. Kwa kichombo kidogo mwembe si mwepesi kuliko mninga, na ukiwa mbichi hupasuka. Anayeutaka sharti aukaushe kivulini kwa miezi. Msufi, kinyume chake, ni mwepesi mno, hata kisu cha mfukoni huuchonga. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji kama sponji na kuoza upesi. Msufi usiopakwa epoksi ndani na nje haufai baharini hata kidogo.

Kwa anayeanza, sisi twachagua plaiwudi pasipo kusita. Kata mataruma matano au sita, yasimamishe juu ya ubao ulionyooka, kisha vika mbavu na tumbo kwa gundi isiyoyeyushwa na maji. Misumari ya chuma usiitie. Chumvi itaila, na kutu itapasua mbao. Mafundi wa majahazi hutia kalafati ya pamba na mafuta katika viungo, lakini ubao wa milimita 3 hauna unene wa kuishika, basi viungo vyetu huzibwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao.

Wako wapendao povu gumu jeupe, lile linalofungiwa friji na televisheni madukani. Halina gharama, tena uzito wake ni kama hakuna. Likikatwa na kuvikwa kitambaa cha faiba huwa chombo kigumu cha kushangaza. Lakini angalieni: gundi ya poliesta, inayouzwa rahisi kuliko epoksi, hulila povu hilo na kuliyeyusha mbele ya macho yenu. Povu lataka epoksi. Na anayepiga msasa faiba azibe pua na mdomo, kwani vumbi la kioo si la kuvutwa kifuani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wachache hulifikiri, nalo ni kwamba mwili wa chombo waweza kuizuia redio yenyewe. Rimoti nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 12.5 tu. Mawimbi hayo hupita katika mbao, povu na faiba ya kioo bila taabu. Bati la debe huyazuia. Nyuzi za kaboni, ambazo wenye fedha huzisifu kwa ugumu na wepesi, huyazuia vilevile. Anayeunda kwa debe au kaboni hana budi kuitoa antena juu ya sitaha. Maji ya bahari nayo huyameza, basi hata katika mashua ya mbao antena ikae juu ya mstari wa maji.

Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika makubadhi ya mpira, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Twalitaja kwa kuwa vijana hutuuliza kama plastiki yafaa. Yafaa, ila si kila plastiki: mabomba ya PVC ni mazito kuliko maji, nayo chombo kikijaa huenda chini moja kwa moja.

Na hapa twataka kusema kwa ukali kidogo. Betri ikiisha au kipokezi kikilowa, mashua itachukuliwa na maji yatokayo. Siku za bamvua bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka mita 3 hivi, na mkondo wake ni wa nguvu. Mtoto asiingie kuifuata kwa kuogelea, hata ikiwa imegharimu akiba ya mwaka mzima. Chagueni siku za maji mafu, asubuhi kabla upepo haujakaza, maji yakiwa yanajaa ili yairudishe pwani. Na awepo mwenye ngalawa aliyeombwa mapema. Ndani ya omo na tezi jazeni vipande vya povu, ili hata ikipinduka ielee.

Kabla ya kufunga sitaha, wekeni mwili mtupu katika karai kubwa la maji na kutia mawe yenye uzito sawa na betri, mota na kipokezi. Yasogezeni mbele na nyuma mpaka chombo kikae sawa, tezi ikilala chini kidogo kuliko omo. Chora mstari wa maji kwa penseli pande zote mbili, weka alama mahali pa kila jiwe, ndipo utoboe tundu la mtaimbo wa rafadha.