Barua ya Chuo Kikuu: Aende au Asiende?

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, yaliyosomwa na Afisa Elimu)

Wenye madaftari fungueni ukurasa mpya. Viongozi wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu: UZAMILI, ADA, RUHUSA. Tutayahitaji punde hivi.

Majuma machache yaliyopita, darasa letu la hapa Ziwani lilipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Siku hizi barua kama hiyo huja kwa simu, na binti yake alikuwa ameichapisha stesheneri, Mtwara Mjini. "Mwalimu," akasema, "nisomee. Mwanangu kaniachia hii, wala hakukaa kitako kunieleza." Nikamjibu, "Mama, soma wewe, nami nitasikiliza." Basi akakaa chini ya mkorosho akaanza kusoma, kidole kikifuata maneno. Kurasa mbili zile zilitupeleka hata magharibi.

Barua ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Habari yake ilikuwa kwamba binti huyo, ambaye ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, amepata nafasi ya kusoma uzamili katika mambo ya bahari. Mama amenipa ruhusa niwaelezeni jambo lake, mradi nisilitaje jina lake.

Sasa tazameni neno la kwanza ubaoni. Mtu akimaliza sekondari akaenda chuo kikuu, akakaa miaka mitatu au zaidi, hupata shahada ya kwanza. Hiyo binti anayo, ndiyo iliyompatia kazi. Uzamili ni shahada ya pili, na huchukua kiasi cha mwaka mmoja na nusu au miwili. Juu yake iko ya tatu, uzamivu. Ninyi watu wa pwani mwajua mzamivu ni nani: ni mpiga mbizi. Kwa hiyo mtu hupanda ngazi zote hizo, na akifika juu kabisa huambiwa azame.

Mama alipokwisha kuelewa, hakuuliza ada wala nauli. Aliuliza, "Akienda, atarudi?" Nami sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo nimelifikiri jambo hili, na leo nataka tulifikiri pamoja, maana nyumba nyingi za kwetu litazifikia, kama si mwaka huu basi mwaka ujao.

Zamani swali la aende au asiende lilikuwa jepesi, kwa kuwa njia ilikuwa moja tu. Marehemu Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wetu wa tatu, alizaliwa Lupaso, Masasi, katika mkoa wetu huu, mwaka 1938. Alisoma Ndanda, baadaye Pugu, kisha Makerere huko Uganda, alikohitimu mwaka 1962. Mwaka 1963 alikuwa Marekani, mjini New York, akisoma mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kama darasa lenu lina ramani ukutani, mmoja wenu asimame aifuate safari hiyo kwa kidole. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza, Oktoba 1961, katika jengo la TANU kwenye mtaa uitwao sasa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Wengi waliotaka shahada ya pili ya mambo mengine walivuka bahari.

Na hata kufika Dar es Salaam tu kulikuwa kazi. Wazee mnakumbuka kivuko cha Rufiji, na jinsi mvua zilivyokuwa zikizidi gari likakaa katika matope na abiria wakapika chakula kando ya njia. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Siku hizi ukipanda basi Mtwara alfajiri, unafika Dar es Salaam siku ile ile. Lakini hata sasa njia ina vituko vyake. Mei 2024, kilipokuja Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara upande wa Somanga, na watu wa kusini tukawa kama kisiwani.

Leo njia si moja tena. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kazi ya chuo hicho ni kumfundisha mtu akiwa kwake. Msomaji hubaki kazini na nyumbani, husoma kwa vitabu na kwa kompyuta au simu, na hufanya mitihani katika kituo cha mkoa. Mtwara kituo kipo. Kwa hiyo mwalimu wa Ziwani aweza kupata shahada ya pili bila ya kuhama.

Mama aliposikia hayo alifurahi sana. "Basi mwambie asome huko huko kwenye simu!" Nikamwambia, ngoja kwanza, mama. Yafaa tujiulize: mji una kitu gani ambacho hakiwezi kumfuata msomaji nyumbani? Kama mtu asoma uongozi wa shule, au historia, vitu vyake vingi ni vitabu na fikira, na vitabu sasa husafiri. Mtu kama huyo akiniomba shauri nitamwambia afikiri mara mbili kabla ya kufunga mizigo. Lakini mwenye kusoma viumbe vya baharini ahitaji maabara. Ahitaji hadubini, yaani chombo cha kioo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ahitaji pia mwalimu wa kusimama karibu naye amwambie, "Hapo umekosea." Vitu hivyo havipandi basi kuja Ziwani.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio ulionifungua macho. Masomo ya uzamili mara nyingi huwa na vipande viwili. Cha kwanza ni cha darasani. Cha pili ni utafiti: mwanafunzi huchagua jambo moja, hulichunguza mwenyewe, kisha huandika kitabu chake, kiitwacho tasnifu. Sasa mtu anayechunguza bahari aende wapi kuichunguza? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, nayo iko Unguja, maana huwezi kusoma bahari ukiwa mbali nayo. Nasi je? Hapa kwetu kuna mikoko ya maingilio ya Ruvuma. Kuna matumbawe ya Msimbati. Tangu mwaka 2000 sehemu hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wageni hutoka mbali kuja kutazama kile ambacho binti yetu alikuwa akikikanyaga utotoni alipokwenda kuokota chaza.

Kwa hiyo nilimshauri mama asimwulize binti aende au asiende. Amwulize, aende kwa muda gani? Aweza kukaa mjini kwa kipande cha darasani, kisha akarudi kufanya utafiti hapa, akilala nyumbani kwao. Lakini jambo hilo ni la kukubaliana na mwalimu atakayemsimamia, tena mapema, wala si la kudhania.

Haya, neno la pili: ADA. Ada iliyoandikwa katika barua ile sitaitaja, ni siri ya nyumba yao. Nitasema juu ya gharama ambazo barua haikuziandika, maana hizo ndizo zilizoniumiza mimi. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma stashahada yangu ya chuo kikuu nilikuwa na ada mkononi, na sanduku, na mfuko wa korosho za kukaanga wa kuwapa wenyeji. Nikaonyeshwa chumba na dalali mmoja hodari wa maneno. Chumba kizuri, nikalipa. Asubuhi ya kwanza ndipo nilipojua kwamba kufika chuoni ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku. Fedha yangu ya chakula iliishia barabarani. Muhula wa kwanza nilikula zile korosho za wenyeji.

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Ni mfano tu, bei hubadilika. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wa mjini hutaka kodi ya miezi 6 kwa mara moja. Basi 80,000 mara 6 ni 480,000. Dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja: 80,000. Jumla 560,000, na bado hujanunua hata godoro. Sasa tuigeuze iwe korosho. Tuseme baada ya mnada na makato yote mkulima amebakiwa na shilingi 2,000 kwa kilo. Gawanya 560,000 kwa 2,000. Mmepata kilo 280? Vizuri. Gunia likiwa la kilo 80, hizo ni gunia tatu na nusu za kulala chumbani.

Na hapo pana mtego mwingine. Vyuo vikuu vingi hufungua Oktoba au Novemba. Korosho nazo huokotwa miezi hiyo hiyo. Chuo chataka fedha wakati mzigo wako ungali ghalani ukingoja mnada. Anayetegemea korosho za mwaka huu kwa ada ya mwaka huu aweza kufika mlangoni mikono mitupu. Afadhali ategemee za mwaka uliopita, kama hazijaliwa. Nako kwenye Bodi ya Mikopo msikimbilie kabla ya kuuliza, kwa kuwa mikopo yake zaidi ni ya shahada ya kwanza.

Neno la tatu, RUHUSA, ni fupi lakini ndilo lenye makali. Binti ni mtumishi wa Serikali. Akiomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake na akakubaliwa kwa taratibu, aweza kusoma huku kazi yake ikimngoja. Yafaa aulize waziwazi: mshahara utaendelea au utasimama? Baada ya kumaliza nitatakiwa kufanya kazi kwa miaka mingapi? Cheo kitapanda au hakitapanda? Majibu yawe kwa maandishi. Mwenye kuondoka kimya kimya kwa kutegemea urafiki wake na mkuu wa shule aweza kuhesabiwa mtoro, akarudi na shahada mbili na kazi hana.

Baada ya siku chache familia ilikaa kikao, nami nikaalikwa. Sisi kwetu, kama mjuavyo, mjomba ana neno kubwa. Mzee yule alisikiliza habari za maabara, hadubini na Unguja mpaka mwisho, hakutikisa kichwa wala hakukohoa. Kisha akauliza, "Na salfa atapuliza nani?"

Watu walicheka, lakini mimi naona lilikuwa ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile. Mshahara wa binti ndio unaonunua salfa ya mikorosho ya mama yake. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kupuliza, mwanafunzi huwa yumo katika mitihani. Tena binti ana mtoto wa miaka minne, naye atabaki kwa bibi. Mama akasema polepole, "Mimi mtoto nitamlea. Shamba nitalitazama. Ila hapo darasa langu la kusoma nitaliacha." Binti aliinama, hakuwa amelijua hilo. Yeye alikuwa amejumlisha ada, nauli, kodi na vitabu. Kisomo cha mama yake hakikuwamo katika hesabu.

Walikaa mpaka usiku. Nitawaambieni walipofikia. Mjomba atasimamia salfa, naye atapewa gunia moja la mavuno. Binti ameandika kwa mwajiri kuomba ruhusa, na bado hajajibiwa. Ameandika pia chuoni kuuliza kama utafiti wake aweza kuufanya huku Ruvuma. Yote mawili yakikubaliwa, ataondoka Oktoba. Ruhusa ikikataliwa, hataacha kazi. Ataomba tena mwaka ujao, na mwaka huo mmoja ataweka akiba. Mimi kwa maoni yangu ningemwacha aende, lakini mimi si ninayebaki na mtoto.

Na mtoto je? Jumanne iliyopita mama alikuja naye darasani ili ajaribu. Alikaa mkekani na kipande cha chaki, akachora samaki sakafuni mpaka tukashindwa kupita. Wanadarasa walisema aje tu.

Kazi ya juma lijalo ni hii. Wenye nyumba wengine wa mjini hutaka kodi ya mwaka mzima. Fanyeni upya hesabu yetu kwa miezi 12, shilingi 80,000 kila mwezi, pamoja na fedha ya dalali, kisha mniambie ni kilo ngapi za korosho na ni gunia ngapi. Wanaoweza kuandika barua wamwandikie mwajiri mistari mitano ya kuomba ruhusa ya masomo. Viongozi wa madarasa wazikusanye barua hizo, nami nitazisoma. Kwaherini.