TAKA ZA JIKONI NI DENI LA SHAMBA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ni mali. Mboga za Mgeta, milimani Uluguru, hushuka hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Nasi visiwani twala nyingi zitokazo Bara. Walakini maganda yake hutupwa jaani, wala hayarudi shambani. Shamba limekopesha, mji haukulipa.

Serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru ukimomonyoka, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, wala samadi ya kuurutubisha haikutosha, kwani mifugo ilikuwa haba. Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Amri isiyoleta mbolea haikuzaa kitu.

Basi sisi tusingoje amri. Kila nyumba iweke ndoo mbili: ya maganda na makombo, na ya taka zisizooza. Kila tawi lichague vijana wenye mkokoteni wa kuyakusanya, nao walipwe ujira wao. Maganda yachanganywe na majani makavu, yatiwe maji kidogo, yapinduliwe; baada ya miezi michache yatakuwa mbolea kwa wakulima wetu. Na mabaraza ya miji tuyadai yatenge kiwanja cha kazi hiyo, wala yasichanganye garini tulichokwisha kutenga.

Dini imekataza ubadhirifu. Chama kinachotaka kuongoza nchi na kianze na jaa lake.