Mshitaki Aliyeketi Kikuyu



Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi habari za wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliokuwa hawapatani. Hakutaja ni nani kati yao aliyekuwa na haki. Alimsihi kila mmoja kwa jina lake, kisha akamwomba mwenzake awasaidie.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Mwezi wa Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kutafuta njia ya kushirikiana. Mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Waskoti, naye aliyeongoza ibada alikuwa Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana. Habari hizo zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Yeye akawashitaki Peel pamoja na Willis, Askofu wa Uganda, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wameanguka katika uzushi. Ugomvi ukavuka bahari, ukajaza magazeti ya Uingereza.

Tusiharakishe kumlaumu Weston. Kwake yeye daraja la uaskofu na sakramenti havikuwa mapambo ya kanisa. Mtu asiyejali imani yake hana la kubishania, na upole wake ni uvivu tu.

Lakini mkutano wa pili ulipofanyika Kikuyu mwaka 1918, Weston alikuwapo. Hebu lipimeni jambo hilo: walioitwa wazushi wakampa mshitaki wao nafasi ya kusema, naye mshitaki akakubali kuketi kati yao. Akawawekea mpango wake wa umoja, nao hawakuupokea. Wakaachana wakiwa wangali wanatofautiana. Hata hivyo, mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, Weston yule yule aliuunga mkono wito wa umoja uliotolewa kwa Wakristo wote. Na ushirikiano wa misheni uliofungwa Kikuyu ndio uliozaa, mwaka 1926, shule ya sekondari ya Alliance.

Nasi je? Katika nyumba nyingi baba ni Mlutheri, mama ni Mkatoliki, na kijana ameokoka, anasali na Wapentekoste. Siku za kawaida wanakula sinia moja. Msiba ukiingia, marehemu akiwa bado ndani, wazee wa makanisa husimama uani wakibishana ni nani atakayesoma Neno na ni nani asiyeruhusiwa kulikaribia jeneza. Mjane ameketi mkekani, anawasikia.

Wewe mzee wa kanisa unayekwenda matangani leo alasiri, ingia kwanza kwa mjane. Mwulize angependa nani aongoze sala. Naye akimtaja mchungaji wa kanisa lile jingine, toka nje ukamwite.