Cheo Hakishibishi Moyo



Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wengi vijijini mwetu. Kijana amerudi kutoka mjini bila kupata kazi ya ukarani, na watu wanasema: huyu amesoma bure. Mwenzake amepata cheo, mshahara na nyumba ya matofali, lakini usiku hapati usingizi, kwa kuwa anawaza cheo kilicho juu ya kile alicho nacho. Je, thamani ya mtu ni nini?

Tumtazame Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866, katika nchi ya Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria, kisha wakampeleka kisiwani Malta asomee udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa letu Tanganyika.

Elimu ya namna hiyo ilikuwa adimu sana siku zile, nayo ingeweza kumfungulia mlango wa mali na sifa. Lakini yeye alikaa Karema, daktari na katekista pamoja, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mwanawe Joseph alipata upadri.

Tufahamu vizuri: hatusemi kwamba masomo ni bure. Bila masomo Atiman asingaliweza kutibu mtu. Mshahara nao hununua chumvi, nguo na madaftari ya watoto. Anayeutafuta kwa haki hatendi dhambi. Lakini cheo ni kama mtumbwi: hutuvusha, wala hatujengi nyumba ndani yake. Siku ya uzee, au siku kampuni inapofunga milango, cheo huondoka, mtu hubaki.

Basi wewe baba, mwanao akirudi bila kazi, usimwite hasara. Mgawie shamba, mpe heshima, mwombe awafundishe wadogo zake kusoma. Nawe mwenye cheo, kila jioni kabla ya sala jiulize: leo ni nani aliyepata nafuu kwa sababu yangu? Ukiweza kutaja jina moja tu, siku yako haikupotea, na moyo wako utalala kwa amani.

Mungu awabariki nyote.